Walishinda vita, wakapoteza kwao

Na Mwandishi Wetu

*Wapolandi waliowekwa Tengeru, Masindi na Koja walikuwa raia wa nchi iliyokuwa upande wa washindi wa Vita Kuu ya Pili. Wanahistoria bado wanabishana: walifukuzwa na mabomu ya adui, au na saini za marafiki?*

Tengeru, kilomita chache mashariki ya mji wa Arusha, yako makaburi yapatayo 150 yenye majina ambayo wenyeji huyatamka kwa shida. Waliozikwa hapo ni Wapolandi, sehemu ya maelfu walioletwa Tanganyika kuanzia mwaka 1942, wengi wao wanawake na watoto. Karibu na hapo, jirani na Ziwa Duluti na chini ya Mlima Meru, palisimama mji wao: safu za nyumba za msonge zilizopakwa chokaa na kuezekwa kwa nyasi, shule, hospitali, karakana, mashamba, kanisa na hata sinagogi. Kambi ilipojaa ilikuwa na watu wapatao 5,000, na hakukuwa na kambi ya Wapolandi barani Afrika iliyoizidi kwa ukubwa.

Mei 1945 vita vikaisha Ulaya. Poland ndiyo iliyokuwa nchi ya kwanza kumkabili Hitler kwa silaha, na askari wake walipigana upande wa walioshinda hadi siku ya mwisho. Mtu angetarajia kwamba watu wa Tengeru wangefunga virago, wasindikizwe hadi pwani na kupanda meli ya kurudi kwao, na hivyo ndivyo maofisa wa Uingereza walivyotamani. Lakini walio wengi walikataa. Kambi ikaendelea kuwapo miaka kadhaa baada ya amani kutangazwa, na waliokuwamo wakaishia Uingereza, Kanada, Australia na kwingineko.

Kwa nini mtu akatae kurudi katika nchi iliyoshinda? Jibu lililozoeleka ni kwamba vita huhamisha watu, kama methali inavyosema, fahali wawili wakipigana ziumiazo nyasi. Makala haya yanashikilia kwamba jibu hilo ni nusu ya ukweli. Kilichowatoa Wapolandi hawa kwao, kikawafikisha Afrika na kisha kikawafungia mlango wa kurudi, kilikuwa urafiki wa mafahali kuliko ugomvi wao. Hatua tatu za safari yao zinafuata awamu tatu za mikataba kati ya dola, na hakuna hata mmoja ambao wao wenyewe waliulizwa juu yake.

Siku tatu za Agosti

Agosti 1939 mikataba miwili ilitiwa saini ndani ya siku tatu. Tarehe 23, mjini Moscow, Ujerumani na Umoja wa Kisovieti, dola zilizokuwa zimetukanana kwa miaka, zilikubaliana kutoshambuliana. Kiambatisho cha siri kiliigawa Poland kati yao. Tarehe 25, mjini London, Uingereza iliahidi kuisaidia Poland endapo ingeshambuliwa. Mkataba huu nao ulikuwa na sehemu yake ya siri, iliyoeleza kwamba dola inayokusudiwa ni Ujerumani. Basi Hitler alipovamia kutoka magharibi tarehe 1 Septemba, Uingereza na Ufaransa zilimtangazia vita baada ya siku mbili. Jeshi Jekundu la Stalin lilipoingia kutoka mashariki tarehe 17 mwezi huohuo, hakuna aliyetangaza vita. Wakazi wa mashariki ya Poland walikuwa wameangukia katika pengo lililoachwa kati ya mikataba miwili: mmoja uliwauza, mwingine haukuwataja.

Yaliyofuata yanajulikana kwa undani kwa sababu walionusurika walihojiwa wakiwa bado uhamishoni. Serikali ya Poland iliyokimbilia nje ilikusanya maelfu ya maandishi yao, yakiwamo ya watoto wa shule. Katherine Jolluck, mwanahistoria Mmarekani, aliyatumia katika kitabu chake cha mwaka 2002 kuhusu wanawake wa Poland waliopelekwa Urusi, na Jan Gross alikuwa ameyatumia kabla yake. Picha inayojirudia ni moja: hodi ya usiku, askari mlangoni, muda mfupi wa kufungasha, kisha majuma kadhaa ndani ya behewa la mizigo. Uhamisho huo ulifanyika kwa mawimbi manne, Februari, Aprili na Juni 1940, kisha tena Mei na Juni 1941. Wimbi la kwanza lilichukua familia za walowezi wa kijeshi na walinzi wa misitu, na la pili likachukua wake na watoto wa waliokwisha kukamatwa. La tatu liliwakumba watu waliokimbia Wajerumani kutoka magharibi, Wayahudi wengi wakiwamo. Walipelekwa kwenye misitu ya kaskazini ya Urusi, Siberia na mbuga za Kazakhstan.

Walikuwa wangapi? Hapa wataalamu hawaelewani. Kwa miongo mingi Wapolandi wa uhamishoni walitaja idadi inayozidi milioni moja. Nyaraka za Kisovieti zilipofunguliwa miaka ya 1990, hesabu za polisi wa siri, NKVD, zilionyesha watu wapatao 320,000 katika mawimbi yote manne. Wapo wanaosema kwamba nyaraka za mkosaji haziwezi kuwa ushahidi wa mwisho wa kosa lake. Wengine wanajibu kwamba polisi hao hawakuwa na sababu ya kujidanganya wenyewe katika ripoti za siri, na kwamba tofauti inapungua ukiwajumlisha waliofungwa, mateka wa vita na vijana waliolazimishwa kuingia Jeshi Jekundu. Hoja ya pili ina nguvu zaidi. Lakini hata tukichukua idadi ndogo kabisa, ni watu wengi kuliko wakazi wa miji mingi ya Ulaya ya wakati ule, wakihamishwa na dola ambayo washirika wa Poland hawakuwa na vita nayo.

Adui wa adui

Tarehe 22 Juni 1941 Hitler alimgeukia Stalin, na hesabu yote ikabadilika. Uingereza, iliyokuwa peke yake kwa mwaka mzima, ilipata mshirika mkubwa. Poland ikajikuta upande mmoja na dola iliyokuwa imemeza nusu ya ardhi yake. Churchill alilisukuma jambo hilo, na tarehe 30 Julai Jenerali Władysław Sikorski, waziri mkuu wa serikali ya uhamishoni, alitia saini mkataba pamoja na balozi wa Kisovieti, Ivan Maisky. Umoja wa Kisovieti ulikubali kwamba mikataba yake na Ujerumani kuhusu ardhi ya Poland imekufa, lakini haukusema kokote kwamba mpaka wa kabla ya vita unarudi. Mawaziri watatu wa Sikorski walijiuzulu kwa sababu ya ukimya huo. Ilichopata Poland kwa upande mwingine ni ahadi ya kuwaachia wafungwa na waliohamishwa, na ruhusa ya kuunda jeshi la Poland ndani ya ardhi ya Kisovieti.

Jenerali Władysław Anders alitolewa katika gereza la Lubyanka akapewa jeshi hilo. Habari zilipoenea, familia zilianza kushuka kusini kwa treni na kwa miguu zikiwatafuta askari wao, kwa sababu palipo na jeshi pana mgawo wa chakula. Mgawo wenyewe haukutosha, homa ya matumbo na taifasi ziliwamaliza wengi, na Stalin na Anders hawakuaminiana. Mwishowe ilikubaliwa jeshi litoke. Kati ya Machi na Agosti 1942, katika awamu mbili, meli zilivusha watu wapatao 115,000 katika Bahari ya Kaspi kutoka Krasnovodsk hadi bandari ya Pahlevi nchini Iran. Theluthi moja hivi walikuwa raia. Kisha mlango ukafungwa, na Januari 1943 serikali ya Kisovieti ikatangaza kwamba waliobaki kutoka ardhi zile za mashariki ni raia wake.

> Waliopanda behewa moja mwaka 1940 hawakuwa na hatima moja. Kilichowatenganisha ni mlango ambao ushirika wa kivita uliufungua kwa mwaka mmoja tu.

Hapa ndipo hoja kuu dhidi ya msimamo wa makala haya inapopaswa kujibiwa. Wapo wanahistoria, Timothy Snyder akiwa miongoni mwa wanaosomwa zaidi, wanaoitazama Ulaya ya Mashariki ya miaka ile kama uwanja wa mauaji wa watawala wawili, Hitler na Stalin, na kila jambo lingine huonekana kama mwangwi wa ukatili wao. Ukatili huo haukanushiki. Lakini ukatili peke yake hauelezi tofauti ya hatima. Chukua familia mbili za kijiji kimoja, zilizopakiwa treni moja Februari 1940. Moja ilifika kusini kabla ya Agosti 1942, ikavuka Kaspi, ikaishia Tengeru na baadaye London au Toronto. Nyingine ilichelewa. Ilibaki Kazakhstan, na kama ilirudi Poland baada ya vita, haikurudi kijijini kwake, maana kijiji kilikuwa kimekwisha kuwa cha nchi nyingine. Mateso yao ya mwanzo yalikuwa sawa. Kilichozitofautisha ni makubaliano kati ya London na Moscow, na tarehe zake.

Kwa nini Afrika

Uingereza iliwataka wanajeshi. Ilikuwa na mafuta ya Iran na Iraki ya kulinda, na baadaye askari hao wa Anders walipigana Italia, wakaiteka Monte Cassino Mei 1944. Raia walikuwa suala jingine. Iran ilikuwa na uhaba wa chakula, na vita vilikuwa karibu. Kisiwa cha Uingereza chenyewe hakikufikiriwa. Wapolandi hao wakagawanywa kwa ramani ya himaya na ya urafiki: baadhi India, watoto 733 New Zealand, kundi moja Mexico. Takriban 20,000 waliletwa mashariki na kusini mwa Afrika, wakatawanywa katika kambi kama Tengeru, Kidugala, Ifunda na Kondoa hapa Tanganyika, Masindi na Koja nchini Uganda, na nyingine Kenya, Rhodesia mbili na Afrika Kusini. Gharama zilibebwa na serikali ya Poland ya uhamishoni kwa mikopo ya Uingereza. Kwa maneno mengine, mshirika mdogo alikopeshwa fedha na mshirika mkubwa ili awatunze watu wake katika ardhi ya watu wa tatu.

Mwanahistoria Mjerumani Jochen Lingelbach, katika kitabu alichokitoa mwaka 2020, amechunguza jinsi serikali za kikoloni zilivyowapokea, na anayoyaonyesha yanazitia doa simulizi tamu za ukarimu. Utawala wa kikoloni ulisimama juu ya dhana kwamba Mzungu ni bwana. Ghafla wakaja maelfu ya Wazungu maskini, wakulima wengi wao, wasiojua Kiingereza, wanaoishi katika nyumba za msonge na kulishwa kambini. Maofisa waliogopa kwamba Waafrika wangeona kile ambacho hawakutakiwa kukiona. Dawa yao ilikuwa kambi zilizojitenga, vijijini, mbali na miji. Kazi nzito zilipewa Waafrika wa kuajiriwa, na ilisisitizwa tangu mwanzo kwamba wageni hawa ni wa kupita. Kwa kiasi kikubwa msisitizo huo ulitimia, kwani waliobaki Afrika Mashariki baada ya kambi kufungwa walikuwa wachache.

Wenyeji hawakuulizwa. Mkutano wa London uliomweka Sikorski na Maisky meza moja ulikuwa umbali wa maelfu ya kilomita kutoka Meru na Bunyoro, lakini matokeo yake yalihitaji ardhi, mbao, nyasi za kuezekea na mikono ya watu wa huko. Wakati huohuo vijana wa Afrika Mashariki walikuwa wakiandikishwa kwa maelfu katika King's African Rifles na vikosi vingine, wakapelekwa Ethiopia, Madagaska na Burma. Bara lilitoa watu kwa ajili ya ushirika huo na likapokea watu kwa sababu ya ushirika huohuo, bila kiti mezani katika jambo lolote kati ya hayo mawili.

Njiti tatu za kiberiti

Usiku wa tarehe 28 Novemba 1943, mjini Tehran, Churchill alichukua njiti tatu za kiberiti akazipanga mezani mbele ya Stalin. Alimwonyesha jinsi Poland inavyoweza kusogezwa magharibi: Umoja wa Kisovieti uchukue mashariki, Poland ifidiwe kwa ardhi ya Ujerumani. Poland haikuwa na mjumbe chumbani. Miezi saba kabla ya hapo Wajerumani walikuwa wametangaza kugundua makaburi ya maofisa wa Kipolandi msituni Katyn, serikali ya uhamishoni ikaomba uchunguzi wa Msalaba Mwekundu, na Stalin akalitumia ombi hilo kuvunja uhusiano tarehe 25 Aprili 1943. Washirika wakubwa walichagua kutolichokonoa jambo hilo. Stanisław Mikołajczyk, aliyeshika nafasi ya Sikorski, alikuja kuambiwa waziwazi yaliyokubaliwa Tehran mnamo Oktoba 1944, na aliyemwambia alikuwa Molotov, waziri wa mambo ya nje wa Kisovieti.

Mkutano wa Yalta, Februari 1945, uliyatia muhuri hayo. Mpaka wa mashariki ulirudishwa nyuma, Lwów na Wilno zikatoka mikononi mwa Poland, na serikali iliyoundwa chini ya kivuli cha Moscow ikapewa nafasi ya kwanza. Tarehe 5 Julai 1945 Uingereza iliacha kuitambua serikali ya Poland ya uhamishoni, ileile iliyokuwa ikilipia kambi za Afrika. Kwa mtu wa Tengeru aliyetoka mashariki, maana yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Ama angerudi nyumbani kwake, ambako sasa kulitawaliwa na dola iliyomtoa usiku ule, ama angerudi Poland mpya, akae katika nyumba iliyoachwa na Mjerumani aliyefukuzwa, chini ya serikali iliyosimikwa na dola ileile.

> Poland ilikuwa na haki zote za mshirika isipokuwa haki ya kuwapo mezani mpaka wake ulipochorwa.

Njiti zile hazikuwasogeza Wapolandi peke yao. Zaidi ya milioni moja kati yao walihamishwa kutoka mashariki kwenda magharibi mwa Poland mpya. Wajerumani wapatao milioni 12 walikimbia au walifukuzwa kutoka Poland, Czechoslovakia na kwingineko, na mkutano wa Potsdam uliagiza tu kwamba kazi hiyo ifanyike kwa utaratibu na utu. R. M. Douglas, katika kitabu chake cha mwaka 2012, ameonyesha jinsi agizo hilo lilivyokuwa mbali na yaliyotendeka. Jambo la kuzingatia kwa hoja yetu ni tarehe: sehemu kubwa ya uhamaji huo ilitokea baada ya risasi kunyamaza. Kama vita ndiyo chanzo pekee, kiini cha uhamaji kingekwisha Mei 1945. Badala yake, watu waliendelea kung'olewa kwa sababu washindi walikuwa wamekubaliana wang'olewe.

Hoja za upande wa pili

Wanahistoria wanaotetea Yalta, au angalau kuielewa, wana hoja nzito. Serhii Plokhy, aliyeandika historia ya mkutano huo mwaka 2010, anasema si haki kuuita usaliti mtupu. Warsaw ilikuwa mikononi mwa Jeshi Jekundu tangu Januari, na askari wa Stalin walikuwa kwenye mto Oder, karibu na Berlin. Roosevelt na Churchill wasingeweza kumtoa huko ila kwa vita vingine, na watu wao walikuwa wamechoka. Kwa hoja hii karatasi za Yalta ziliandika kile ambacho mizinga ilikuwa imekwisha kuamua. Kuhusu mpaka wa Poland, hilo ni kweli kwa sehemu kubwa. Lakini makubaliano ya Tehran yalitangulia kuingia kwa Jeshi Jekundu Warsaw kwa zaidi ya mwaka, na ukimya wa washirika haukuandikwa na mizinga ya mtu.

Tena upo mfano unaoonyesha mipaka ya hoja ya mizinga. Hukohuko Yalta, Uingereza na Marekani zilikubali kumrudishia Stalin raia wa Kisovieti waliokuwa katika maeneo yaliyokombolewa na majeshi yao. Watu wapatao milioni mbili walirudishwa, wengine kwa nguvu. Juni 1945 askari wa Uingereza waliwakabidhi Wakosaki karibu na Lienz, Austria, mahali ambapo hapakuwa na Jeshi Jekundu la kumlazimisha yeyote. Nicholas Bethell na Nikolai Tolstoy walipoandika juu ya jambo hili miaka ya 1970, liliamsha mjadala mkali Uingereza. Watetezi walijibu kwamba London ilikuwa na maelfu ya mateka wake waliokombolewa na Wasovieti, na ilitaka warudishwe salama. Huenda ndivyo. Lakini jibu hilo linathibitisha hoja yetu badala ya kuivunja: watu walikabidhiwa ili ushirika uendelee.

Linganisha na Wapolandi wa Tengeru. Wengi wao walitoka katika ardhi ambayo Stalin aliiita yake na ambayo Yalta ilikuwa ikimpa. Hawakukabidhiwa, kwa kuwa Uingereza na Marekani zilishikilia kwamba raia wa Kisovieti ni yule aliyekuwa hivyo kwa mipaka ya kabla ya Septemba 1939. Mkulima wa karibu na Lwów akabaki na haki ya kukataa kurudi. Mkulima wa karibu na Kiev, aliyechukuliwa na Wajerumani kufanya kazi ya kulazimishwa, hakuwa nayo. Kati ya wawili hao haikuwapo tofauti ya mateso, ila tafsiri ya kisheria iliyokubaliwa na serikali zilizoshirikiana.

Hoja nyingine husema kwamba watu hawa walichagua. Waliona maisha bora Kanada na Uingereza, wakaenda. Wachumi Timothy Hatton na Jeffrey Williamson wameonyesha kwa takwimu jinsi tofauti ya mishahara na wingi wa vijana ulivyosukuma mamilioni ya Wazungu kuvuka bahari kabla ya mwaka 1914, na baadhi ya wasomaji wao wangependa kuieleza karne nzima kwa kipimo hicho. Kwa uhamaji wa kabla ya 1914 maelezo hayo yana uzito mkubwa. Lakini mwanamke aliyetolewa kijijini na NKVD, akavushwa Kaspi na kushushwa Tengeru hakuwa ameulinganisha mshahara wa Poland na wa Tanganyika. Ni kweli alipofika mwisho alichagua, na ni kosa kumsimulia kama mzigo usio na akili. Aliendesha shule, alilima, aliandika barua, aligoma kusaini fomu ya kurudi. Ila machaguo aliyobakishiwa yalikuwa yamepunguzwa na wengine kabla hajafikiwa.

Deni na sheria

Mabishano haya si ya makabatini, kwa sababu jibu lake ndilo linaloamua nani anawajibika. Kama chanzo ni adui peke yake, wajibu wa marafiki unaishia pale adui anaposhindwa, na msaada wowote unaofuata ni huruma. Kama marafiki nao walichangia, basi msaada ni deni. Uingereza haikulisema hilo kwa maneno mengi, lakini ilitenda kama mdaiwa. Mwaka 1947 bunge lake lilipitisha sheria ya kuwapa makazi Wapolandi waliopigana chini ya kamandi yake pamoja na familia zao. Sensa ya mwaka 1951 ilikuta wakazi wapatao 162,000 wa Uingereza waliozaliwa Poland, nao baadhi ya watu wa Tengeru na Masindi walifika huko kwa njia hiyo, wakiwafuata waume na wana waliokuwa jeshini kwa Anders.

Mvutano ulihamia Umoja wa Mataifa. Nchi za kambi ya Kisovieti zilidai wote warudi makwao, na anayekataa ahesabiwe msaliti. Februari 1946 Baraza Kuu lilipitisha azimio kwamba asiyetaka kurudi kwa sababu za msingi asilazimishwe, na shirika la kimataifa la wakimbizi lililofuata liliendeshwa bila Umoja wa Kisovieti kuwa mwanachama. Mwaka 1949 mvutano huo ulifika Tengeru moja kwa moja. Yatima zaidi ya 100 wa kambi hiyo walichukuliwa kupitia Italia hadi Kanada, na serikali ya Warsaw ikalalamika kwamba watoto wake wameibwa. Mwanahistoria Lynne Taylor ameandika kitabu kizima juu ya kisa hicho, na kinachoonekana wazi ni kwamba kila upande ulidai kuwa mzazi, ilhali ushirika uliowazaa yatima hao ulikuwa umekwisha kuvunjika.

Kutokana na kesi kama hizi ulizaliwa Mkataba wa Wakimbizi uliotiwa saini Geneva tarehe 28 Julai 1951. Ulimtambua mkimbizi kwa hofu yake ya kuteswa, na ukamlinda asirudishwe kwa nguvu kwa mtesi wake. Lakini ulihusu matukio ya kabla ya tarehe 1 Januari 1951, na nchi iliweza kuchagua kuutumia kwa matukio ya Ulaya tu. Gerard Daniel Cohen na Peter Gatrell, kila mmoja kwa njia yake, wameonyesha jinsi tafsiri hiyo ya mkimbizi ilivyoshonwa kwa vipimo vya Mzungu aliyekimbia Mashariki. Miezi minne baada ya Geneva, Novemba 1951, serikali ya kikoloni ya Tanganyika iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 huko Engare Nanyuki ili ardhi yao ipewe walowezi wa Kizungu. Ni Meru ileile ya Tengeru. Kirilo Japhet, akiwa na mwanasheria Earle Seaton, aliipeleka kesi yao mwaka 1952 mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa mjini New York.

Mtu anaweza kupinga kwamba mambo haya mawili hayalinganishwi: Wameru hawakuvuka mpaka, na mkimbizi kisheria ni aliyevuka. Pingamizi hilo ni sahihi kisheria. Kisiasa linaacha jambo moja wazi. Wapolandi wa Tengeru walikuwa na dola zenye nguvu zilizobishana juu yao, na kutokana na ubishi huo ikapatikana sheria. Wameru walikuwa chini ya mdhamini, Uingereza, ambaye ndiye aliyewaondoa. Ilihitaji itifaki ya mwaka 1967 kuondoa tarehe ile ya 1951, na mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 kutamka kwamba anayekimbia uvamizi, ukaliaji wa kigeni au machafuko naye ni mkimbizi. Waafrika walioandika maneno hayo walikuwa wameona kwamba mtu anaweza kung'olewa bila yeyote kumchukia yeye binafsi.

> Sheria ya wakimbizi ilizaliwa pale dola kubwa zilipobishana juu ya watu. Wasio na dola ya kuwabishania walisubiri.

Kipimo cha mkataba

Kutoka katika kisa hiki hatupati ushahidi kwamba ushirika wa kijeshi ni uovu. Bila ushirika wa mwaka 1941 watu waliovuka Kaspi wangebaki Kazakhstan, na bila ushirika mpana zaidi Hitler asingeshindwa. Tunachopata ni kipimo. Serikali zinapotia saini ya urafiki, kwa kawaida magazeti huuliza nani atapeleka silaha na nani atalinda mpaka gani. Swali la tatu huulizwa kwa nadra: watu wa ardhi inayotajwa, na wa ardhi isiyotajwa, watalala wapi mkataba ukishatekelezwa? Mwaka 1939 ardhi ya mashariki ya Poland haikutajwa London. Mwaka 1941 mpaka haukutajwa. Mwaka 1943 wenye ardhi hawakualikwa. Mara zote tatu kilichoachwa nje ya karatasi ndicho kilichohamisha watu.

Kanda yetu ina mikataba yake ya amani na ushirikiano wa kijeshi, hasa kuhusu mashariki ya Kongo, inayosainiwa katika miji ambayo wakimbizi hawafiki. Msomaji wa Bukavu, Kigoma au Bujumbura ana haki ya kuisoma kama mwanahistoria anavyoisoma ile ya London, Tehran na Yalta: kwanza orodha ya waliokaa mezani, kisha mahali ambapo karatasi imenyamaza. Serikali inayofurahia faida ya mshirika wake na isiyohesabu watu waliong'olewa na mkataba huo inaacha deni, na historia ya Wapolandi inaonyesha kwamba deni la namna hiyo hulipwa. Mara nyingi, hata hivyo, wanaoanza kulilipa ni wale ambao hawakutia saini.